Muulize Shangazi Mfamasia: piko la bi harusi, kopo lisilo na lebo na wanja wa kichanga

Msimu wa korosho ukishaanza, ujumbe ninaoupata hubadilika. Kabla ya hapo mnaniuliza presha, vidonda vya tumbo na dawa za minyoo. Mkulima akishalipwa, harusi zinafuatana wiki hadi wiki na maswali yanakuwa ya vipodozi. Toleo hili nimeviachia vipodozi ukurasa wote. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa kama mlivyoomba. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni mfamasia, nilikaa dirisha la dawa hospitalini kabla ya kufungua famasi yangu hapa Mtwara mjini, na sitamficha mtu jambo la afya yake kwa sababu tu ni la aibu.

Shikamoo Shangazi. Binti yangu anaolewa mwezi ujao hapa Mikindani. Mpambaji amesema atamchora maua meusi ya piko mikononi na miguuni, ndani atajazia hina. Mwaka jana mtoto wa dada yangu alichorwa na mpambaji huyohuyo. Siku ya tatu mikono ikavimba na kutoa malengelenge, na mpaka leo maua yamebaki kama kovu. Mpambaji anasema ana damu mbaya. Binti yangu aliwahi kuchorwa piko akiwa shuleni na hakudhurika. Tumruhusu?
*Mama wa bi harusi, Mikindani*

Marahaba mama, na hongera kwa kuoza. Usimruhusu. Nalitanguliza jibu ili hata ukiitwa jikoni kabla hujamaliza kusoma, uwe umeshalipata.

Hina na piko vinakaa kwenye sinia moja siku ya kupamba, lakini havina undugu. Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kutwangwa. Unga wake una ukijani, unanukia majani makavu, na rangi yake huanza kama chungwa, ikakolea kuwa kahawia au nyekundu iliyoiva siku ya pili. Hakuna mhina unaotoa weusi wa wino. Piko ni rangi ya kutia nywele. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilinidayamini. Kwenye pakiti, kama pakiti ipo, utaikuta imeandikwa p-Phenylenediamine, au kwa kifupi PPD. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kuchorea ngozi haziruhusu kabisa. Mpambaji wetu anachota unga kwa ncha ya kijiko, anatia maji, anakoroga mpaka uwe mzito wa kuchorea. Hakuna aliyepima asilimia hapo. Tena mchoro unawekwa juu ya ngozi iliyokwisha kusuguliwa singo siku kadhaa mpaka ikalainika, na ngozi ya namna hiyo inapitisha kemikali kwa urahisi zaidi.

Hilo la kuchorwa shuleni bila kudhurika ndilo linalonipa hofu zaidi. Aleji ya PPD mara nyingi haiji mara ya kwanza. Mara ya kwanza mwili unakutana na kemikali na kuikariri. Mara ya pili au ya tatu ndipo unapoipiga vita, na vita hiyo inapiganwa kwenye ngozi ya mtoto wako. Malengelenge huchukua siku moja hadi tatu kutokea, maana yake yanaweza kumkuta akiwa tayari kwa mume, na mpambaji ameshalipwa na kuondoka. Mwaka 2006 chama cha Marekani cha madaktari wa aleji za ngozi kiliichagua kemikali hii kuwa kisababishi cha aleji cha mwaka, kwa jinsi ilivyokuwa inawaletea wagonjwa.

Mpwa wako hana damu mbaya. Ana aleji, na kwa kawaida aleji hii haiondoki maishani. Mwambie asitie tena rangi nyeusi ya nywele, hata ile ya boksi zuri kutoka dukani, na akienda kung'oa jino amweleze daktari kabla ya sindano ya ganzi, kwa sababu baadhi ya dawa za ganzi zina undugu na PPD. Haya alipaswa kuambiwa siku ileile alipovimba.

Bi harusi apakwe hina peke yake. Mwambieni mpambaji aikande na maji ya limau mapema ikae ichachuke, aipake jioni, bi harusi alale nayo usiku kucha imefungwa, na asubuhi aikwangue bila kunawa maji. Inapakwa siku mbili kabla ya shughuli, kwa sababu rangi hukolea siku ya pili. Mtu akikuletea "hina" inayokuwa nyeusi tii ndani ya saa moja, ujue imetiwa piko.

Na kama kuna ambaye amechorwa tayari na ngozi inawasha: nawa kwa sabuni na maji mengi, usipasue malengelenge, usipake dawa ya meno, nenda kituo cha afya. Uso au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, usingoje asubuhi. Kikopo cha piko nacho kisiachwe sebuleni pana watoto. Sudan na Morocco wana historia ndefu ya watu waliomeza kemikali hii. Koo huvimba mtu akakosa hewa, na anayepona hapo huweza kuharibika figo.

Nina neno juu ya hina halisi pia, kwa ajili ya wazazi wanaowapaka vichanga. Pwani yetu ni ya malaria tangu enzi, na penye malaria ya muda mrefu ndipo penye watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Wengi wanaishi nao bila kujua. Kichanga mwenye upungufu huo akipakwa hina mwilini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika kwa haraka, akageuka macho na ngozi kuwa manjano, akaishiwa damu. Hina mngojeeni akue.

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Masasi. Miaka miwili sasa natumia krimu ya kuchanganya inayouzwa kwenye kopo mnadani, haina jina. Mwanzo niling'aa vizuri. Sasa nikiacha siku mbili uso unawaka kama nimemwagiwa pilipili, vinywele vimeota mashavuni, na kuna madoa ya rangi kama ya bluu yenye weusi chini ya macho. Vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Nina mimba ya miezi minne. Krimu gani nzuri niitumie badala ya hii? Tafadhali usinitaje jina.
*Dada wa Masasi*

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nimefurahi kwamba umeandika. Usijione mjinga. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyekuuzia kitu cha kupaka usoni bila kukuambia ni nini.

Kwanza mimba. Wiki hii nenda kliniki, na kopo ulibebe. Mwambie muuguzi waziwazi: hiki nimepaka miaka miwili. Omba wakupime mkojo kuona kama unapitisha protini, na presha. Sababu ni hii: kopo la namna hiyo kwa kawaida lina kimoja, viwili au vyote vitatu kati ya zebaki, haidrokwinoni na steroidi.

Zebaki ni ileile wachimbaji wadogo wa Namungo, kule Ruangwa, wanayokamatia dhahabu. Ikitiwa kwenye krimu inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Lakini haiishii kwenye ngozi. Inaingia mwilini na kuziharibu figo, na kwa mama mjamzito inaweza kumfikia mtoto tumboni. Huleta pia kutetemeka, usingizi kupotea, hasira na huzuni ambazo mtu hajui zimetoka wapi. Tena haimtoshi mpakaji peke yake. Inabaki kwenye taulo, kwenye foronya na kwenye mikono, na mvuke wake unavutwa na watu wa chumba kizima. Kwa hiyo mashuka na taulo zako zifuliwe peke yake, na kama una mtoto mkubwa anayelala nawe asiguse kopo wala nguo hizo. Kuna mkataba wa kimataifa juu ya zebaki, Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania imo. Ulitaka vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki katika milioni viishe ifikapo 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata hicho kiwango kidogo kilichokuwa kimeachwa.

Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ndiyo ninayoishuku kwa yale madoa yako ya bluu yenye weusi. Ikipakwa muda mrefu chini ya jua kama letu, rangi inajikusanya ndani kabisa ya ngozi, mahali ambapo kusugua hakufiki. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza madoa haya tangu 1975, walipowaona kina mama waliokuwa wakijichubua wakizidi kuwa weusi mashavuni. Ukiongeza krimu ili kuyatoa, unayachochea.

Uso kuwaka ukiacha, vinywele mashavuni na ngozi kuwa nyembamba ni dalili za steroidi. Hii ni dawa halali kabisa, inayotibu pumu ya ngozi, na jina utakaloliona sana kwenye tyubu ni clobetasol au betamethasone. Inaandikwa na daktari, kwa siku chache, sehemu ndogo. Kaunta kwangu wanakuja wasichana wanataka tyubu sita za clobetasol kwa mkupuo. Najua zinakwenda kukamuliwa kwenye beseni la losheni, na siwauzii. Ule moto unaousikia ukiacha hauna maana kwamba ngozi yako inaihitaji krimu. Mishipa midogo ya damu ilikuwa imebanwa kwa miaka miwili, sasa inafunguka.

Nakuomba kopo uliache leo, lakini usipambane nalo peke yako nyumbani. Aliyepaka steroidi kali mwili mzima kwa muda mrefu, mwili wake unaweza kuwa umepunguza kutengeneza ya kwake. Ukijisikia kuishiwa nguvu, kizunguzungu au kutapika kuliko kule kwa mimba, nenda hospitali mara moja useme hivyohivyo. Daktari anaweza kukupa steroidi inayojulikana nguvu yake ili akushushe polepole. Kama hospitali ya Ndanda ni karibu kwako, nenda hata huko. Uso utawaka kwa wiki, pengine miezi. Baadaye hutulia.

Umeuliza krimu gani badala yake. Mwanangu, hakuna krimu ya kung'arisha nitakayokutajia, na ukiwa na mimba ndiyo kabisa. Paka mafuta mepesi ya mgando yasiyo na manukato, au mafuta safi ya nazi kama ngozi inayapenda. Tembea na mwavuli, jifunike khanga saa za jua kali. Ukipata losheni ya kukinga jua, yenye kiwango cha 30 au zaidi, hiyo pesa haijapotea. Rangi yako uliyozaliwa nayo itarudi kwa kiasi kikubwa. Yale madoa ya bluu yatachelewa, na mengine yanaweza yasiondoke.

Niwaelezee na wengine jinsi kopo lenyewe linavyokuwa, kwa sababu mwezi uliopita niliwekewa moja juu ya kaunta. Lilikuwa la plastiki, la mfuniko wa kukandamiza kama wa siagi. Karatasi ya fotokopi ilikuwa imebandikwa kwa selotepu. Hapakuwa na jina la kiwanda, tarehe wala orodha ya vilivyomo. Nilipofungua, juu, palipopata mwanga, krimu ilikuwa imegeuka kijivu. Nilipochimba kwa kijiti, chini bado ilikuwa njano mpauko. Krimu yenye zebaki inaweza kufanya hivyo. Na zile za kiwandani zenye lebo, kuna onyo moja la kulitafuta: zikisema vua dhahabu, fedha na vito kabla ya kupaka, rudisha. Zebaki inaila dhahabu, na mtengenezaji analijua hilo. Kwenye orodha hujiita mercury, mercuric, calomel, au Hg tu.

Mjukuu wangu ana wiki tatu. Mkwe wangu ananikataza nisimpake wanja wa manga machoni na kwenye paji la uso, eti kliniki wamesema. Mimi nimewapaka watoto wangu wote na wako wazima, wana macho makubwa mazuri. Je, ni kweli una madhara au ni mambo ya siku hizi?
*Bibi, Lindi*

Shikamoo Bibi. Hongera kwa kupata mjukuu.

Kliniki wamesema kweli. Wanja wa manga wa jiwe, ule mweusi unaometameta ukisagwa, mara nyingi ni madini ya risasi, kemikali iitwayo salfaidi ya risasi. Marekani hairuhusu wanja wa namna hiyo kuuzwa kama kipodozi. Mtoto haupati kwa jicho tu. Anajifikicha, anatia vidole mdomoni, anameza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza, na kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Inapunguza damu, na inagusa ubongo unaojengwa: mtoto anakuja kuwa mzito wa kujifunza, hatulii darasani, na hakuna anayekumbuka wanja.

Watoto wako walikuwa wazima, Bibi, na ninamshukuru Mungu pamoja nawe. Lakini madhara haya hayaonekani kwa macho kama kovu. Hatuna njia ya kurudi nyuma kujua kila mmoja angekuwaje. Wanja wa masizi uliotengenezwa nyumbani nao usiuweke jichoni mwa kichanga, maana kidole na mafuta vinaingiza vijidudu. Macho makubwa ameyarithi kwenu. Kama ni kwa ajili ya kijicho, msomee dua, na mkwe wako atakuombea umri mrefu.

Na wewe mwenyewe ukitaka kujipaka, nunua penseli ya wanja yenye jina la kiwanda, usiutumie ule wa jiwe.

Mambo Shangazi, shikamoo. Kwenye kundi letu la WhatsApp chuoni wametuma kwamba lipstiki ikisuguliwa kwa pete ya dhahabu ikawa nyeusi ina risasi na inaleta saratani. Nimesugua zangu zote nne, zimekuwa nyeusi. Nizitupe?
*Mwanafunzi, Mtwara*

Marahaba. Usizitupe kwa ajili ya pete. Ujumbe huo ulikuwa ukizunguka duniani kwa barua pepe kabla WhatsApp haijakuwepo, na pete haipimi risasi. Metali nyingi huacha mstari mweusi zikisuguliwa, hata kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Pete inahusika na zebaki kama nilivyomwambia dada wa Masasi, na zebaki huitafuti kwenye lipstiki.

Lakini swali lako lina mzizi wa kweli. Risasi ipo kwenye lipstiki nyingi, kidogo sana. Hakuna anayeitia makusudi; inakuja na madini yanayotoa rangi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipima lipstiki 400 na kukuta wastani wa sehemu 1.11 kwa kila milioni, na iliyozidi zote ilikuwa na 7.19. Mwaka 2016 mamlaka hiyo ikapendekeza isizidi 10. Kwa mtu mzima anayepaka akaenda darasani, kiasi anachomeza ni kidogo mno. Mwenye mimba apunguze kupaka tena na tena kutwa nzima, na mtoto mdogo asipewe lipstiki achezee.

Zako nne zigeuze uangalie chini. Kama hazina jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe ya kuisha, na zilikuwa zimemwagwa juani kwenye turubai, hizo ndizo ningezitupa, kwa sababu hapo hakuna aliyepima chochote.

Nafanya kazi ya kupamba maharusi hapa Rahaleo, Lindi. Wateja wa siku hizi wanataka vipodozi visivyo na parabeni. Vinauzwa ghali. Ni kweli parabeni inaleta saratani ya titi?
*Mpambaji*

Ndugu yangu mpambaji, parabeni ni vihifadhi. Kazi yake ni kuzuia bakteria na ukungu usiote ndani ya kopo. Hofu ilianza 2004, utafiti wa Uingereza ulipozikuta ndani ya uvimbe wa saratani ya titi. Kuzikuta mahali hakukuonyesha kwamba ndizo zilizouleta. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku 5 kati yake mwaka 2014, na zile zinazotumika sana ukaziacha kwa kiwango: methylparaben isizidi asilimia 0.4, propylparaben na butylparaben asilimia 0.14. Mteja akitaka visivyo nazo mpe, ni haki yake. Ila faundesheni ya majimaji isiyo na kihifadhi chochote, kwa joto la Lindi, inaoza.

Kinachonitisha zaidi kwenye mikoba ya wapambaji ni kile brashi kimoja kinachopita macho ya bi harusi, ya somo wake na ya mawifi watano asubuhi moja. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulivyotembea nchini. Maskara iliyofunguliwa inakaa miezi mitatu basi. Ikikauka usitie maji, na usiteme mate kamwe, nimeliona hilo kwa macho yangu. Lipstiki ichote kwa kijiti safi, usipitishe mdomo kwa mdomo. Brashi na sponji zioshwe kwa sabuni kila baada ya mtu, zikauke kabisa. Gundi ya kope jaribu kidogo nyuma ya sikio la mteja siku mbili kabla, na muulize kama puto au glavu za mpira huwa zinamwasha, kwa sababu gundi nyingine zina mpira wa aina hiyo. Kwenye kopo kuna mchoro wa kikopo kilichofunguliwa na namba kama 6M au 12M: hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ya kufungua. Andika tarehe kwa kalamu ya wino chini ya kila kopo.

Poda ya mtoto ni salama? Nasikia imeshitakiwa Marekani.
*Baba, Newala*

Ni kweli kuna kesi nyingi. Poda ya zamani ni jiwe la talki lililosagwa, na talki huchimbwa mahali ambapo pengine pana asbesto. Kampuni ya Johnson & Johnson iliacha kuuza poda ya mtoto ya talki Marekani na Kanada mwaka 2020, kisha dunia nzima 2023, ikahamia wanga wa mahindi. Julai 2024 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani liliiweka talki kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani. Kwa mtoto wako hoja ni nyepesi kuliko hiyo: vumbi lolote, hata la wanga, likimwagwa kifuani anavuta, na mapafu yake ni madogo. Haihitaji. Mkaushe vizuri kwenye mikunjo, inatosha. Mama naye asijipake poda sehemu za siri.

Nina duka Nachingwea. Nilinunua katoni ya krimu kutoka kwa wakala, baadaye nikaambiwa ni za marufuku. Zimebaki makopo mengi stoo. Nizichome au nizifukie?
*Mwenye duka*

Asante kwa kuuliza, kaka, wengine wangezimalizia vijijini. Usichome. Kama zina zebaki, moto utaigeuza mvuke, na wewe na majirani mtauvuta. Usifukie pia, hasa karibu na kisima au shamba, na usimwage chooni. Wala usimrudishie wakala, atampelekea mwingine.

Zitie zote kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, uiweke nje ya sebule na mbali na chakula, watoto wasifike. Nunua glavu kwa kazi hiyo, na kopo lililovuja liviringishe ndani ya mfuko wa plastiki kwanza. Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Waandikie ofisi yao ya Kanda ya Kusini iliyopo Mtwara au mwone afisa afya wa wilaya yako, ueleze ni makopo mangapi na jina lililo kwenye lebo, wakupangie namna ya kuziteketeza. Risiti ya wakala itunze, utaihitaji kuonyesha ulikozipata. Siku nyingine kabla hujalipa, mwombe wakala cheti cha usajili wa bidhaa hiyo, na jina lililo kwenye cheti ulilinganishe na lililo kwenye kopo, herufi kwa herufi.